Wakia Mia Nane Kati ya Milango Miwili

Mlango wa nyuma yetu ulijifunga, wa mbele yetu ukakataa kufunguka, na mimi na mume wangu Merv tukabaki kati, ndani ya kichumba cha kioo kisichozidi choo cha treni. Tulikuwa na kilo ishirini na tano za fedha ndani ya kikasha cha barafu, kile cha magurudumu ambacho Merv hubebea bia akienda kuvua. Maduka ya sarafu mjini Perth yana milango ya namna hiyo: wa nje usipojifunga, wa ndani hauachii, ili mwizi asiingie mbio na kutoka mbio. Siku hiyo wa nje ulijifunga vizuri kabisa. Wa ndani ulitoa mlio mmoja, taa yake nyekundu ikabaki nyekundu, na wa nje haufunguki tena hadi wa ndani uachie kwanza.

Branko Jurich, mwenye duka, alikuja mbio na ufunguo wa dharura akaujaribu. Ukakatikia ndani ya kitasa. Tulimwona akikitazama kipande kilichobaki mkononi, kisha akatutolea tabasamu la mtu aliyemkanyaga mgeni mguu. Akasema kupitia spika ya ukutani kwamba fundi yuko Joondalup na ameshaitwa, haitazidi dakika arobaini, na tusiwe na wasiwasi kwa sababu hewa ipo.

"Hewa ipo," Merv akaniambia. "Umesikia, Glen? Tumehakikishiwa hewa."

Sikucheka. Ilikuwa saa nane na dakika kumi, siku ya Ijumaa, na ikifika saa kumi na moja jioni kabla sijamlipa, Bi Ottaway wa Albany angempa nyumba yake mtu mmoja wa Katanning ambaye alikuwa ameshampigia simu mara tatu.

Nyumba yenyewe ukiiona utajiuliza ugomvi ni wa nini. Vyumba viwili vya bati, katika uwanja wa wazee waliostaafu, na kibaraza cha kuweka viti viwili, vitatu mkibanana. Lakini ukisimama jikoni unaosha vyombo unaiona bahari, na binti yetu Leanne anakaa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na mjukuu wangu ana miaka minne na ananijua kwa sauti ya simu tu. Bei yake dola elfu hamsini na nane. Nilikuwa nimeiota nyumba ya aina hiyo kwa miaka kumi na tisa.

Miaka hiyo yote tumeishi Norseman, kwenye vumbi jekundu, Merv akiendesha malori ya mgodini. Tulipofika tulisema miaka mitatu. Mwaka wa kwanza akaanza kununua sarafu za fedha za wakia moja moja, zile zenye ndege kukabura, anayebadilishwa mchoro kila mwaka. Pesa ya benki ni karatasi, alisema, fedha ni fedha. Ikifika dola thelathini kwa wakia tunauza, tunahamia Albany. Ikafika thelathini, akasema arobaini. Ikafika arobaini na tano, tukafunga hadi masanduku ya nguo, akasema tungoje hamsini, mtu hauzi kitu kinachopanda. Ikaporomoka hadi ishirini, na mtu hauzi kitu kilichoshuka. Nikayafungua masanduku. Basi ndivyo tulivyoishi: ikipanda hatuendi kwa sababu inapanda, ikishuka hatuendi kwa sababu imeshuka. Wanawake wengine hushindana na mwanamke mwenzao. Mimi nilishindana na ndege.

Safari hii ilikuwa imepita sabini. Merv mwenyewe ndiye aliyeitaja sabini, mbele ya Leanne, siku ya Krismasi, na Leanne akamwandikisha kwenye kitambaa cha karatasi akatia sahihi. Jumatano nilimpigia Branko simu, nikauliza bei. Akasema bei ya soko la dunia ni sabini na nne, na kwa kukabura waliomo ndani ya vibweta vyao vya plastiki, safi, anaongeza dola mbili juu, kwa maana hao wana wateja wao. Wakia mia nane mara sabini na sita. Nilipiga hesabu hiyo mara nne kwenye bahasha: elfu sitini na mia nane. Nyumba, na mafuta ya gari, na kitanda kipya.

Sasa tulikuwa humo ndani, jua la Januari linatuchoma mgongoni kupitia mlango wa nje, na mbele yetu, ng'ambo ya kioo, kulikuwa na televisheni ya ukutani inayoonyesha bei. Tarakimu zilibadilika kila baada ya sekunde chache. Merv alizikazia macho tangu tulipokwama. Alikuwa na namna ya kuzitazama ambayo mimi sijatazamwa hivyo tangu harusi.

Branko alikuwa mtu mzuri. Alituletea maji ya baridi kwa droo, droo ya chuma inayopita chini ya kioo, ambayo huitumia kupokelea vifurushi vya posta. Halafu akasema, kwa kuwa tunakaa, tusikae bure. Tupitishe sarafu humo humo kwenye droo, yeye azipime, na fundi akifika tuwe tumemaliza. Soko linachezacheza, akasema, lakini akishamaliza kupima atatufungia bei kwa dakika kumi. Hiyo ndiyo kawaida ya biashara yake: akiitaja bei na kuangalia saa, bei hiyo ni yako kwa dakika kumi hata dunia ipinduke, na zikipita, mnaanza upya.

Merv akapiga magoti akaanza kutoa. Sarafu zilikuwa ndani ya mirija, ishirini ishirini, mirija arobaini. Mkono wangu ndio uliozipanga ndani ya kikasha, na bila kukusudia nilikuwa nimeweka juu mirija kumi ya mwisho kununuliwa. Branko akaifungua mmoja mmoja, akaweka sarafu kwenye mizani, akapitisha sumaku, akachungulia kwa ile lenzi ya jicho moja. Akawa anaimba kidogo kidogo. Mirija kumi ikapita. Nikaanza kujiruhusu kufikiria mapazia.

Kwenye mrija wa kumi na moja akaacha kuimba.

Akaitoa sarafu kwenye kibweta, akaigeuza geuza chini ya taa. Akachukua nyingine. Akafungua mrija mwingine, na mwingine tena. Kisha akaja kwenye spika, na sauti yake ilikuwa ya upole kupita kiasi, sauti ya daktari.

"Kaka Merv, samahani. Nani kawasugua hawa ndege?"

"Nani kafanya nini?"

"Wamesuguliwa. Tazama." Akaigandisha sarafu kwenye kioo mbele ya macho yetu. "Ona hiyo mistari, inazunguka. Hiyo ni kitambaa na kitu cha unga. Magadi, au dawa ya meno."

Ilikuwa magadi. Magadi ya kuokea, kijiko kimoja kwa maji kidogo, na fulana kuukuu ya Merv. Nilihisi damu ikinipanda masikioni, na katika kichumba kile huna pa kuupeleka uso wako.

Ngoja nieleze, kwa sababu mimi si mjinga. Fedha ikikaa huota madoa meupe, kama maziwa yaliyokaukia kwenye glasi, hata iwe imefungwa vipi. Wiki sita kabla ya safari niliiona mirija yetu na madoa yale, nikaona aibu. Norseman mwanamke anapimwa kwa vumbi la dirishani kwake. Tunafuta asubuhi, tunafuta mchana, kila kilicho cheupe kinageuka chekundu na tunakifuta tena, na mgeni akija hatukubali kumpa hata kijiko kabla hatujakipitisha kwenye kitambaa. Mimi nitapelekaje vitu vichafu mjini kwa mtu nisiyemjua nimwambie nunua? Basi kila Merv alipoondoka zamu nilitoa mrija mmoja, nikawavua ndege ishirini, nikawasugua hadi wakang'aa, nikawavika tena. Mrija mmoja kila siku kwa siku thelathini. Mirija kumi iliyobaki ilinusurika kwa sababu bega langu la kulia liligoma. Nilitaka iwe zawadi. Nilitaka afungue aone zinawaka, aseme, hizi sasa tayari, twende.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizisafisha."

Branko akafumba macho kidogo. Akanieleza bila kunisimanga, na kila neno lilinichoma. Madoa meupe ni kawaida, wateja wake wameyazoea, angezichukua na madoa yake vivyo hivyo kwa sabini na sita. Lakini sarafu iliyosuguliwa hawezi kumuuzia mtu tena kama sarafu. Mteja atamrudishia kesho yake. Hiyo ni fedha ya kuyeyusha tu, na wayeyushaji wana foleni ya miezi miwili kwa sababu bei imepanda na kila mtu anauza vijiko vya bibi yake. Kwa hizo anaweza kulipa dola sita chini ya bei ya dunia, na hapo anatusaidia.

Alimaliza kuzipima zote, akapiga hesabu, akaigeuza mashine ya hesabu ili tuione. Safi mia mbili, za kuyeyusha mia sita. Elfu hamsini na sita kamili.

Elfu mbili zilipungua. Nilikuwa nimezisugua mwenyewe elfu nne na mia nane, kwa mkono wangu, mpaka bega likavimba, na nyumba ikaenda nazo. Sina namna ya kulipamba: nilitaka kulia, na nililia, huku nimeugeukia mlango wa nje ili Merv asinione, lakini kioo kinaonyesha kila upande. Mtaani watu walipita na mifuko ya madukani. Mama mmoja alinitazama, akamvuta mtoto wake mkono.

Nilingoja Merv afoke. Angekuwa na haki. Miaka yote hiyo hakuruhusu hata mtu ashike sarafu kwa vidole vyenye mafuta. Badala yake alinishika bega, lile lile bovu, akalipapasa.

"Usijali, mama. Ulikuwa na nia njema," akasema. "Basi turudi tu nyumbani. Tungoje ifike tisini. Kwa tisini hata hizo za kuyeyusha zitatutosha."

Na hapo nikaisikia. Pumzi. Aliishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeambiwa na hospitali kwamba matokeo ni mazuri. Niligeuka nikamtazama, na mzee wangu alikuwa ametulia. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. Nilikuwa nimempa sababu ya kutouza, safi kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na safari hii kosa halikuwa hata lake.

"Umefurahi," nikamwambia.

"Nimefurahi nini? Nimepoteza karibu elfu tano."

"Umefurahi, Merv."

Akaniambia joto limenipanda kichwani, ninywe maji. Akakifungua kikasha na kumwashiria Branko azirudishe sarafu kwenye droo. Nikamwambia Branko asirudishe kitu. Yule bwana alisimama pale na mrija mkononi, anamtazama huyu, anamtazama yule, kama mhudumu ambaye watu wawili wanagombania kulipa bili, ila hapa hakuna aliyekuwa anacheka.

Nilimpigia Bi Ottaway. Nilimsihi, sitaficha. Nilimwambia nina hamsini na sita, na mbili nitamletea kidogo kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho akasema ananipenda, sauti yangu ni ya mtu mwema, lakini yule wa Katanning ana hamsini na nane zote na amekwisha kuomba namba ya akaunti. Saa kumi na moja, mpenzi, akasema. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

Fundi alikuwa bado. Tulikaa sakafuni, kila mtu ameegemea mlango wake, miguu yetu inagusana kwa sababu haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kikasha kilikuwa kati yetu. Nilifikiria kurudi Norseman, mwendo wa saa nane barabarani, kushuka garini, kufungua dirisha, kukuta vumbi. Nilifikiria kumpigia Leanne kumwambia. Nilijiona nina miaka sabini, nina themanini, niko kwenye lile lile sinki, nafuta. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na minne alikuwa akitazama tarakimu.

"Inapanda," akasema.

Nikainua macho. Sabini na tano na nusu. London wamefungua soko, Branko akasema kwenye spika, hawa wakiamka huwa wanaamka na njaa. Sabini na sita. Nilisimama. Sabini na sita na senti arobaini, ikashuka kidogo, ikapanda tena. Sikuwahi kuzitazama tarakimu zile kwa upendo maishani mwangu, na sasa nilikuwa nimebandika kiganja kwenye kioo. Sabini na saba.

Branko hakungoja aambiwe. Akapiga hesabu. Safi mia mbili kwa sabini na tisa, za kuyeyusha mia sita kwa sabini na moja. Akaigeuza mashine. Elfu hamsini na nane na mia nne.

"Nafunga hapo," akasema, akaangalia saa ya ukutani. "Dakika kumi, kaka Merv. Sema ndiyo, natuma pesa sasa hivi, zinafika kabla mlango haujafunguka."

Merv alikuwa anaitabasamia televisheni.

"Unaona?" akaniambia. "Tungeuza saa ile tungekula hasara. Imepanda dola tatu tumekaa tu sakafuni. Jumatatu itakuwa themanini na tano. Mtu hauzi kitu kinachopanda, Glen."

"Elfu hamsini na nane ndizo tunazotaka."

"Leo. Wiki ijayo ni elfu sabini. Utanunua nyumba yenye karakana."

"Wiki ijayo nyumba ni ya mtu wa Katanning."

"Nyumba ziko nyingi."

"Uliandika sabini kwa mkono wako, ukatia sahihi."

"Kwenye kitambaa cha kufutia mdomo, bibie." Akacheka. "Tena nilikuwa nimekunywa."

Nilimwambia mengi dakika zile, mengine siwezi kuyarudia hapa, na Branko kwa adabu yake aliizima spika akajitia hamnazo na makaratasi. Nilimwambia amenizika nikiwa hai. Nilimwambia amemnyima mtoto bibi yake kwa ajili ya ndege wa chuma. Kila nilichosema alikijibu kwa bei. Nikafikia kumwomba. Nilimshika mkono wa shati, mimi, nikamwambia tafadhali, na akanitoa vidole kimoja kimoja, taratibu, na kunipigapiga kiganja.

Dakika sita zilikuwa zimebaki wakati Branko alipoiwasha spika tena. Alikuwa ameshika lile faili letu la bluu, ambalo nililipitisha pamoja na sarafu. Lina risiti zote za kununulia, kwa sababu duka lake halinunui sarafu nyingi hivi bila risiti na kitambulisho, wala hakuna duka linalojiheshimu litakalonunua. Alikuwa anapekua, anarudi nyuma, anapekua tena. Akasafisha koo.

"Kaka Merv, mimi nimekuwa nikikuuliza wewe kwa heshima tu. Nilidhani ni zako." Akaibandika kwenye kioo karatasi ya risiti. "Hizi zote zina jina la mama. Kila moja. Glenys Anne Pascoe, kitambulisho chake, sahihi yake. Kwa sheria ya hapa mwenye mali ndiye mwenye jina. Sihitaji ndiyo yako. Nahitaji ya kwake."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na lilikuwa jambo jepesi mno. Merv alikuwa zamu. Siku zote alikuwa zamu. Aliniachia kikaratasi mezani, piga simu uagize, na mimi nikapiga, wakaniuliza jina, nikataja langu. Mimi ndiye niliyekwenda posta kuchukua vifurushi. Mimi ndiye niliyetia sahihi pale kaunta, kila mwezi, miaka kumi na tisa, huku nikimlalamikia yule dada wa posta kwamba mume wangu ameniweka kifungoni.

"Uza," nikasema.

"Glen."

"Uza zote, Branko. Akaunti ni ile ile iliyozilipia, namba yake imo humo kwenye faili."

Aliupitisha mkataba kwenye droo na kalamu. Nilitia sahihi nikiwa nimeegemea kikasha cha bia. Branko akaketi kwenye kompyuta yake, na baada ya muda simu yangu ikalia, na nilipoziona pesa nikazituma zile zile, zote isipokuwa mia nne, kwa Bi Ottaway, kabla mtu hajaniwekea mkono begani. Alijibu kwa picha ya ufunguo na neno moja, karibu.

Nilitazamia kelele. Merv alikuwa amekaa chini tena, kofia magotini. Alikuwa anaitazama sakafu, si televisheni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni jina lako. Nilisoma mwaka ule ilipofika arobaini na tano. Nililichukua faili nikakuta Glenys, Glenys, Glenys." Alizungusha kofia. "Nikalirudisha kabatini. Kila ikipanda nilikuwa naomba usije ukalisoma."

Nimeshawahi kuumwa figo, nimeshazika mama, na bado sikumbuki kitu kilichonikaa pale kifuani namna ile. Miaka kumi na miwili alijua. Nilikuwa nimemwomba ruhusa kila mwaka ya kuuza vitu vyangu, na alikuwa akikunja uso na kufikiri, kisha ananinyima.

"Kwa nini?" nikauliza.

Fundi alikuwa amefika kwa nyuma ya duka, tulimsikia akiangusha vifaa vyake.

"Zikiisha hizi," akasema, "sina tena cha kungojea. Huko Albany nitaamka asubuhi nifanye nini?"

Alikuwa na miaka kumi na miwili ya kuniuliza swali hilo jikoni kwetu. Fundi alitoboa kitasa, taa ikawa kijani, mlango wa ndani ukaachia, na Branko akatupa mkono sote wawili akituomba radhi kama kwamba yeye ndiye aliyetufungia. Alitupa pai za nyama mbili za moto kutoka dukani kwa jirani yake. Merv alipokea ya kwake akasema ahsante kwa sauti ndogo.

Tulipofika kwenye gari nilinyoosha mkono. Nilimwambia treni ya Kalgoorlie, ya kurudi upande wa Norseman, inaondoka kesho asubuhi, na nauli ipo kwenye zile mia nne, kama anataka. Mimi naenda Albany sasa hivi. Alisimama kando ya barabara na pai yake, magari yanampitia karibu, kwa muda mrefu hata nikadhani atasema treni. Kisha akatoa ufunguo mfukoni akaniwekea kiganjani, akazunguka, akapanda upande wa abiria. Kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kukaa kiti kile.

Tuliupita mji wa Williams. Mashamba ya ngano yalikuwa yameshavunwa, manjano kila upande, na jua lilikuwa upande wangu. Nilimtupia jicho mara moja tu. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mikono mapajani, anatazama nje kwa macho yasiyotua mahali, macho ya mtu anayepelekwa. Niliijua sura ile. Nilikuwa nimeiona kwenye kioo cha dirisha la jikoni la Norseman kila asubuhi, nikiifutia vumbi. Nilimwonea huruma, ya kweli kabisa, na sikupunguza mwendo.